Kuuliza Kuna Namna Yake

Mgonjwa anapewa dawa dirishani, anaambiwa "kutwa mara tatu", anaitikia "haya", anaondoka. Akishakaa kwenye tuktuk ndipo anamwuliza dereva: "Hivi kutwa mara tatu ni pamoja na usiku?" Swali ni zuri, aliyeulizwa siye. Mombasa nzima mambo ni hayo. Mwanafunzi humnong'oneza jirani yake badala ya kumwuliza mwalimu, mteja humwuliza askari wa mlangoni badala ya karani, na mwanagenzi wa gereji humwuliza mwenzake aliyeingia wiki iliyopita, ilhali fundi yuko hatua tatu kutoka hapo. Maswali tunayo tele. Kazi ni kuyafikisha kwa anayejua.

Woga huo hautoki kwa kuambiwa "usiogope". Hutoka mtu akishajua swali huundwa vipi, huanzwa vipi, hutolewa wakati gani, na afanye nini jibu likija kavu. Ni ufundi kama ufundi mwingine, na makosa yake yanajulikana.

Mistari mitatu kabla ya kufungua kinywa

Chukua karatasi au simu, andika mistari mitatu. Wa kwanza: ninachojua. Wa pili: nilipokwama. Wa tatu: kitu kimoja ninachotaka kuambiwa. Kimoja, si viwili.

Tuseme mwanafunzi anasumbuliwa na eneo la duara. Akisema "Mwalimu, sikufahamu", amemtwisha mwalimu kazi ya kuanza somo upya, na hapo ndipo linapotoka lile jibu linaloogopwa: "Ulikuwa wapi nikifundisha?" Lakini akiandika mistari yake atapata hivi: "Najua kutafuta eneo nikipewa nusu kipenyo. Nimekwama nikipewa kipenyo kizima. Je, nigawanye kwa mbili kabla ya kuzidisha namba kwa yenyewe, ama baada?" Hilo hujibiwa kwa neno moja, kabla, na mwalimu anaweza kuonyesha papo hapo: kipenyo cha sentimita 14 ukikigawanya kwanza eneo ni 154, ukigawanya baadaye unapata 308, mara mbili ya jibu. Mwanafunzi hakuonekana mjinga. Ameonekana mtu aliyetembea mpaka mahali fulani, akasimama.

Mstari wa kwanza ndio unaoondoa aibu, kwa sababu umekuja na kitu mkononi. Watu wengi huuruka wakidhani ni majigambo. Si majigambo, ni kumwonyesha anayejua pa kuanzia.

Ujaribu mwenyewe kwa muda gani kabla ya kuuliza? Kwa masomo na kazi za kawaida, dakika 15 zinatosha. Zikiisha bila kusogea, uliza. Kukaa saa tatu na jambo la dakika moja si bidii. Kwa dawa, umeme na bahari usijaribu hata dakika moja. Hapo huulizwa kwanza.

Salamu, jina, wakati

Mpangilio ni salamu, ruhusa, ndipo swali. "Shikamoo mzee." "Marahaba." "Samahani, naomba kukuuliza." "Uliza." Hayo yote hayafiki sekunde kumi. Ukiyaruka ukaingia moja kwa moja kwenye swali, usishangae mzee wa Mji wa Kale akiitikia salamu ambayo hukuitoa, "Wa alaikumu salaam!", na wewe ubaki umesimama huku swali limekufia mdomoni. Walio wageni hapa hudhani ni ukali. Ni kukumbushwa tu kwamba umeanza katikati.

Mwite mtu kwa anachokifanya ama kwa umri wake: fundi, mwalimu, maalim, daktari, sista, mzee, mama, kaka, dada. Neno "bosi" liepuke ukiwa unataka kufundishwa. Fundi akiitwa bosi hujua kinachofuata ni kupunguziwa bei.

Wakati nao una thamani yake. Karani anayehesabu pesa, fundi aliyeshika chuma cha moto, mtu aliyekwisha tawadha anaelekea msikitini: hao wote watakujibu kwa neno moja, na neno lenyewe huenda lisiwe sahihi. Kwa wazee, wakati mzuri ni baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi, barazani, kahawa ikizunguka. Swali lililopata jibu la maneno matatu saa sita mchana hupata jibu la nusu saa hapo. Tatizo la baraza ni kwamba utajibiwa na watu watano kwa mpigo. Msikilize kila mmoja, kisha umrudie pembeni yule aliyetaja mwaka, jina la mahali ama jina la mtu.

Maneno yanayofunga mlango

Hapa ndipo maswali mengi yanapoharibikia, na kosa huwa la lugha zaidi kuliko la woga.

La kwanza ni "kwa nini". Kwa Kiswahili, "Kwa nini umefanya hivi?" husikika kama lawama hata ukiitamka kwa upole, maana ndiyo sentensi ya mzazi aliyekuta kikombe kimevunjika. "Mbona" ina mashaka yale yale. Dawa yake ni kumtoa mtu ndani ya sentensi. Kiambishi hu- kimeumbwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa hakibebi nafsi: "Hapa huwekwa waya mwekundu kwa sababu gani?" Hakuna wewe, hakuna yeye, kuna waya. Fundi aliyekuwa tayari kujitetea anageuka kuwa mwalimu.

La pili ni swali linalotaka "ndiyo". Ukimwuliza mpita njia "Njia ya Kibokoni ni hii?" atakwambia "ee, ni hii", ama kwa adabu, ama kwa haraka, ama kwa sababu njia nyingi za Mji wa Kale zikizunguka sana mwisho zitakufikisha. Uliza "Nikitaka kufika Kibokoni nipite wapi?" Asiyejua atajulikana hapo hapo, na utamshukuru umwendee mwingine. Dukani ni vivyo hivyo. "Hii ni orijino?" ina jibu moja tu duniani. Lakini "Hii na ile ya bei ya chini zina tofauti gani?" na "Ikiharibika ndani ya wiki tunafanyaje?" ni maswali ambayo muuzaji hawezi kuyajibu bila kukupa habari.

La tatu ni swali lenye kukanusha. "Hujameza dawa?" "Ee." Je, amemeza au hajameza? Wengi wetu tukisema "ee" tunakubali sentensi ilivyo, yaani ni kweli sijameza. Wengine wanamaanisha wamekwisha meza. Kwa mambo ya kawaida hakuna hasara. Kwa mgonjwa anayehudumiwa na watu wawili kwa zamu, anaweza kukosa dozi au kumeza mbili. Uliza kwa idadi: "Tangu asubuhi umemeza tembe ngapi?"

Halafu kuna swali la kuandika. Mdomoni, "Maji yamekatwa leo" na "Maji yamekatwa leo?" hutofautishwa na sauti peke yake. Ukiliandika kwenye kundi la mtaa ukasahau alama ya kuuliza, umetangaza habari, na baada ya nusu saa kila nyumba inajaza mitungi. Ukiandika, anza na "Je".

Na kuna maswali yanayopaswa kuulizwa kwa sababu Kiswahili chenyewe kina njia mbili za kuhesabu. Ukialikwa harusi "usiku wa Ijumaa", kwa hesabu ya Waswahili wengi wa Pwani siku huanza jua likitua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi. Kwa hesabu ya wengine ni usiku baada ya Ijumaa yenyewe. Usione haya: "Ni Alhamisi kuamkia Ijumaa, ama Ijumaa kuamkia Jumamosi?" Wenye shughuli hawatakucheka, watakaocheka ni wale watakaokuona umefika kesho yake viti vinarudishwa. Saa nazo ni hivyo hivyo. Kadi ya kliniki ikiwa imeandikwa 8.00, hiyo ni saa mbili asubuhi, na wapo wanaokwenda saa nane mchana. Taja saa pamoja na sehemu ya siku, kila mara.

Dirishani na kwa daktari

Wagonjwa huwa wengi na foleni inakusukuma mgongoni, kwa hiyo yaandike maswali yako ukiwa bado kwenye benchi. Lenye uzito liwe la kwanza. Kuna desturi ya kuanza na dogo ili kupasha moto, kisha lile kubwa linatolewa mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango. Daktari hapo amekwisha mwita mwingine.

Kwa daktari uliza: ugonjwa unaitwaje, kipimo kimeonyesha nini, na dalili gani nikiziona nirudi bila kungoja tarehe. Dirishani uliza jina la dawa yenyewe, si la kampuni tu, kwa sababu dawa moja huuzwa kwa majina mengi na mtu anaweza kumeza ile ile mara mbili akidhani ni mbili tofauti. Kisha uliza saa. "1×3" iliyoandikwa kwenye bahasha maana yake ni tembe moja mara tatu kwa siku. "2×2" ni tembe mbili mara mbili. Lakini mara tatu kwa siku si lazima iwe asubuhi, mchana na jioni unavyopenda. Uliza: "Kati ya dozi na dozi ziwe saa ngapi?"

Tuchukue dawa ya malaria inayotolewa sana, ile ya mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini. Mtu mzima hupewa tembe 24: tembe 4 kwa mpigo, mara 6, kwa siku tatu. Dozi ya pili huliwa saa 8 baada ya ya kwanza, si kesho yake. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni. Huliwa na chakula, na chakula chenye mafuta kidogo huisaidia kuingia mwilini. Asiyeuliza hukosea sehemu tatu: hiyo ya saa 8, chakula, na kuziacha tembe zilizobaki homa ikishuka siku ya pili. Kila moja ya hizo ni swali la sekunde tano dirishani. Pakiti za chumvichumvi za kuharisha nazo zina mtego wake: kuna za kuchanganywa na nusu lita ya maji na kuna za lita moja. "Pakiti hii ni ya maji kiasi gani?" Usikisie kwa kuangalia ukubwa wake.

Mwezi wa Ramadhani ukiwa karibu, sema mapema: "Daktari, mimi hufunga. Dawa hii nitaipangaje?" Pengine ipo nyingine ya mara moja kwa siku, pengine ataona hali yako haikuruhusu kufunga. Wanaonyamaza hupunguza dozi wenyewe.

Mwisho, rudia: "Hebu niseme nilivyofahamu, unisahihishe." Kisha sema kwa maneno yako, pamoja na saa. Hatua hii ina faida kuliko zote, na ndiyo inayoachwa kuliko zote, kwa kuwa watu huona kama wanampotezea mhudumu muda. Akikuuliza yeye "umefahamu?", usijibu "ee". Rudia.

Kwa fundi

Fundi huelezea mikono yake inavyofanya, si sababu. Ukimwuliza sababu waziwazi mara nyingi atasema "ndivyo ilivyo". Swali linalomfungua ni lenye -nge-: "Ningeikaza zaidi ingekuwaje?" Hapo anakumbuka mara zote alizoona imeharibika.

Mfano wa plagi ya pikipiki. Mwanagenzi anaona fundi anaanza kuizungusha kwa vidole, ndipo anachukua spana. Akiuliza ingekuwaje akianza na spana moja kwa moja, ataambiwa hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini, laini, plagi ikiingia upande nyuzi zinaliwa na hedi nzima inakwenda kuchongwa. Akiuliza spana izungushwe kiasi gani, jibu kwa plagi mpya yenye washa yake ya pete ni kama nusu mzunguko baada ya vidole kushindwa, kwa sababu ile pete inatakiwa ibonyee mara moja. Kwa plagi iliyokwisha tumika pete imekwisha bonyea, basi ni kidogo sana. Maswali mawili, na amepata kile ambacho kwa kutazama tu kingemchukua miezi na hedi moja ya mteja.

Ngoja chombo kiwekwe chini ndipo uulize. Na swali ambalo jibu lake unalijua usilitoe kwa fundi wala kwa mzee. Atatambua unampima, na kuanzia hapo atakujibu kwa mkato.

Ofisini, jibu likiwa "njoo kesho"

"Njoo kesho" si jibu, wala "inshallah" inayosemwa macho yakiwa kwenye simu. Usikasirike, fuatisha mambo matatu kwa sauti ile ile: kesho nije kwa nani, nije na nini, na kwa sasa kinachosubiriwa ni kitu gani. La tatu ndilo muhimu. Faili lako linaweza kuwa linasubiri sahihi, malipo, ama kutafutwa, na kila moja lina mlango wake. Andika jina la aliyekujibu na tarehe, mbele yake, bila kuficha na bila kutisha.

Swali likiwa ni la habari zinazoshikiliwa na ofisi ya umma, kwa mfano wadi yako imetengewa fedha kiasi gani za mifereji, mdomo hautoshi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza njia. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyeweza kuandika hulisema, na afisa ndiye anayepaswa kuliandika. Barua yenyewe ni fupi:

"Kwa Afisa wa Habari. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala ya orodha ya miradi ya mifereji katika wadi yangu kwa mwaka wa fedha uliopita, pamoja na kiasi kilichotengwa na kilicholipwa kwa kila mradi. Naomba nipewe kwa karatasi." Kisha jina, simu, tarehe, sahihi.

Usieleze unaitakia nini. Sheria haikulazimishi, na sababu huzaa mabishano. Usiombe "habari zote za mifereji" pia. Ombi pana ndilo linaloahirishwa. Taja hati gani, ya mahali gani, ya kipindi gani.

Toa nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Bila muhuri huna siku ya kwanza ya kuhesabia. Kulipokea ombi hakulipiwi. Utalipia gharama ya kunakili tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea mara moja siku zisizozidi 14 ikiwa hati ni nyingi. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukiwa umepeleka ofisi isiyo yake, wao ndio wanaopaswa kulihamishia panapostahiki ndani ya siku 5, si wewe kuzungushwa. Wakinyamaza mpaka muda upite, kimya kinahesabiwa kuwa wamekataa, nawe una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Yapo mambo yanayoweza kuzuiwa, kama usalama wa taifa na siri za watu binafsi, lakini anayekataa ndiye wa kutoa sababu.

Kwa walimu na wazazi

"Mna swali?" ni swali linalojibiwa kwa kimya kila mahali. Badala yake sema "nataka maswali mawili kabla hatujaendelea", kisha usubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika kazi aliyoichapisha mwaka 1974 kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza, na wakisubiri 3 au zaidi majibu huwa marefu na wanafunzi nao huanza kuuliza wenyewe. Sekunde tatu za kimya mbele ya darasa ni ndefu kuliko unavyodhani, zihesabu kimoyomoyo. Na kicheko cha kwanza kikizuka kwa aliyeuliza, kikatwe hapo hapo. Kicheko cha Jumatatu hunyamazisha darasa mpaka Ijumaa.

Nyumbani, mtoto akiuliza kwa nini mahamri hufura, usimtungie jibu. Gawanya donge dogo la unga mara mbili, moja litiwe hamira, jingine lisitiwe, yafunikwe saa moja pahali penye joto. Ukiwa hujui na hakuna la kujaribu, sema "sijui, tutamwuliza fulani", na mwulizeni kweli ndani ya wiki hiyo. Ahadi ikipotea mara mbili, la tatu hataliuliza.

Zoezi la siku 15

Kwa mtu mzima au mtoto anayetaka kujizoeza, hakuna pazuri kama bahari yetu, maana haina haraka na haimcheki mtu. Unahitaji daftari, saa na mahali unapopita kila siku: Likoni penye feri, ufuo wa Nyali, ama ukingo wa Tudor.

Anza siku mwezi unapoandama ama ukiwa mpevu. Siku hiyo ya kwanza mwulize mvuvi swali moja: "Leo maji yatapwa saa ngapi?" Andika, uende uhakikishe. Kesho yake uliza tena. Utaona saa imesogea mbele, kwa wastani kama dakika 50. Usimwulize bado sababu. Endelea kuandika saa, na pia umbo la mwezi usiku huo. Kwenye siku ya nne au ya tano unaweza kuuliza la pili: "Bamvua itakuwa lini, na maji mafu lini?" Atakutajia kwa mwezi, si kwa kalenda: bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku moja mbili baada ya hapo; maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huja mwezi ukiwa nusu. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3.

Siku ya 15 tazama safu yako ya saa. Bamvua ya kwanza ilipwa baina ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Na hii ya pili? Saa hizo hizo. Sasa una swali ambalo hukuwa nalo mwanzo, na una ushahidi wake mkononi: bamvua huchaguaje saa? Mpelekee mwalimu wa fizikia mistari mitatu. Atakwambia kwamba mwezi mwandamo hupita juu yetu karibu na saa sita mchana na mwezi mpevu karibu na saa sita usiku, kila mara, na maji ya mahali pamoja huufuata kwa kuchelewa kiasi kile kile. Hapa kwetu ni kama saa nne, kwa hiyo maji hujaa karibu saa kumi na hupwa karibu saa nne.

Ukiendelea mpaka mwezi wa pili utagundua bamvua mbili za mwezi mmoja hazilingani, moja hufika mbali zaidi kwenye mchanga, na zile za Machi na Septemba hupita zote. Hilo mwulize mvuvi kwanza, halafu mwalimu, uandike majibu yao kwenye kurasa mbili zinazotazamana.